Kugumisha Uso wa Stenlesi kwa Plazma ya Naitrojeni: Mwongozo kwa Mafundi wa Unguja na Pemba

Fundi anayetunza pampu za maji ya bahari katika hoteli za Paje na Nungwi, mashine za kusagia mwani kisiwani Pemba, au shafti za boti zinazofunga Malindi, anazijua tabia mbili za stenlesi ambazo hazipatani. Chuma hiki huvumilia chumvi kwa miaka mingi, lakini uso wake ni laini. Stenlesi ya daraja la 304 au 316L, ikiwa katika hali yake ya kawaida, huwa na ugumu wa takriban 150 hadi 200 kwa kipimo cha Vickers, ambacho hufupishwa kwa herufi HV. Mchanga unaokuja na maji huuchimba mifereji pale shafti inapozunguka ndani ya pakingi, na bolti na nati za stenlesi zikikazwa bila grisi hushikana hadi nyuzi zikakatika. Wala chuma hiki hakigumishwi kwa kuchomwa na kuzimishwa majini kama ifanyiwavyo patasi, kwa sababu muundo wake wa ndani, unaoitwa austenaiti, haubadiliki kwa kupozwa ghafla.

Njia inayofaa ni kuigumisha ngozi yake peke yake. Kipande huwekwa ndani ya tanuri lililofungwa na kuondolewa hewa, huingizwa gesi ya naitrojeni na haidrojeni kwa kiasi kidogo sana, kisha hupitishwa umeme wa volti mia kadhaa baina ya kipande, ambacho ndicho kathodi, na ukuta wa tanuri, ambao ndio anodi. Gesi huwaka mwanga wa zambarau unaokizunguka kipande pande zote. Hiyo ndiyo plazma. Ayoni zake, yaani atomu zenye chaji ya umeme, hukipiga kipande kwa nguvu, hukipasha joto, huusafisha uso wake, na atomu za naitrojeni huanza kuzama ndani ya chuma. Baada ya saa nyingi hupatikana tabaka la unene wa maikromita 10 hadi 20 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita) lenye ugumu wa HV 1000 hadi 1400, yaani mara tano au zaidi ya ule wa awali.

Ufundi wa kutumia plazma kwa kazi hii ulianzishwa na Mjerumani Bernhard Berghaus katika miaka ya 1930, lakini kwa muda mrefu ulifaa zaidi kwa gia, kalibu na vifaa vya chuma cha kawaida. Stenlesi ilipata njia yake mwaka 1985, pale Zhang na Bell wa Birmingham, Uingereza, walipochapisha matokeo yaliyoonesha kwamba kazi ikifanywa kwa halijoto ya chini, ugumu hupatikana bila ya kinga ya kutu kupotea. Kila hatua iliyomo katika mwongozo huu inalinda jambo hilo moja.

Halijoto kwanza, kabla ya jambo lolote

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na katika 304 hufika asilimia 18. Kromiamu hiyo huungana na oksijeni ya hewani na kutandaza juu ya chuma utando wa oksaidi ambao ni mwembamba kuliko kitu chochote kinachoonekana kwa macho. Utando ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe papo hapo, mradi tu kromiamu ipo ya kutosha chini yake.

Tanuri likiachwa lipande hadi digrii 450 za selsiasi na zaidi, atomu za kromiamu hupata uwezo wa kutembea ndani ya chuma. Zinapoikuta naitrojeni huungana nayo na kuwa chembe ndogo za naitraidi ya kromiamu, na sehemu inayozizunguka chembe hizo hubaki bila ya kromiamu ya kuulisha utando. Uso unaopatikana ni mgumu sana, na fundi akiupima ugumu pekee atafurahi. Ukitiwa katika maji ya bahari, hata hivyo, huanza kutoa kutu ya kahawia na kuchimbika vishimo mapema kuliko stenlesi ambayo haikuguswa kabisa. Chini ya digrii 430 hali ni tofauti: naitrojeni, ambayo atomu yake ni ndogo, hutembea, ilhali kromiamu hubaki mahali pake. Naitrojeni hujibana baina ya atomu za chuma, huzisukuma zitanuke, na mbano huo ndio unaoleta ugumu. Tabaka la namna hii huitwa austenaiti iliyotanuka, na wataalamu wengine huliita fezi ya S.

Kwa hiyo, ikiwa unapeleka vipande vyako kwa mwenye tanuri Tanzania Bara au nje ya nchi, andika katika karatasi ya kazi, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba halijoto ya kipande chenyewe isizidi digrii 430, na kwamba kazi ifanyike baina ya 400 na 430. Usitosheke na kutamka kwamba unataka kipande kigumishwe kwa plazma. Tanuri ambalo kazi yake ya kila siku ni gia na kalibu huendeshwa kwa digrii 500 hadi 570, na mwendeshaji asiyeambiwa kitu atakitia kipande chako pamoja na hizo gia. Kwa mtu ambaye mashine yake inafanya kazi katika nchi kavu, mbali na bahari, kosa hilo huenda likachukua muda kuonekana. Visiwani petu, ambapo hewa yenyewe ina chumvi na maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, halina pa kujificha.

Kujua ni stenlesi gani iliyo mkononi mwako

Daraja linalofaa zaidi kwa kazi za bahari ni 316L. Ina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, inayosaidia kuzuia vishimo vya chumvi, na kaboni yake haizidi asilimia 0.03, jambo ambalo lina maana kubwa kwa kipande kilichochomelewa. Daraja la 304 pia hupokea naitrojeni vizuri, ingawa kinga yake dhidi ya maji ya bahari ni ndogo tangu mwanzo, na plazma haitaigeuza kuwa 316L.

Sumaku husaidia kwa uchunguzi wa haraka, kwa kuwa 304 na 316L hazivutwi nayo au huvutwa kidogo sana. Isichukuliwe kuwa ni hukumu, kwa sababu chuma kilichokunjwa au kukerezwa kwa nguvu huanza kuvutwa hata kama daraja lake ni sahihi. Cheti cha kiwanda kinachokuja na fimbo ya chuma ndicho ushahidi wa kwanza, na kama chuma kimenunuliwa katika mabaki bila ya cheti, ni bora kipimwe viambato vyake kabla ya kukitumia gharama.

Yako madaraja ambayo ningemshauri fundi ayaepuke. La kwanza ni 303, ambalo hupendwa na wakerezaji kwa sababu ya wepesi wa kukatika. Salfa iliyowekwa ndani yake kuleta wepesi huo huacha chembe ambazo chumvi huanzia hapo kuchimba. La pili ni stenlesi ya aina ya dupleksi, kama vile 2205, ambayo hutumika sana katika pampu za mitambo ya kuondoa chumvi majini. Hiyo ikikaa saa nyingi katika halijoto ya digrii 400 na ushei hupoteza unyumbukaji na kuwa rahisi kuvunjika, na hakuna ugumu wa ngozi unaolipia hasara hiyo.

Visu vya mashine za kusagia mwani vinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa sana. Kwa kawaida huwa vya daraja la 420 au linalokaribiana nalo, ambalo hugumishwa kwa moto na kuzimishwa, kisha hurudishwa motoni kwa halijoto ya chini ili kupunguza mbano. Ikiwa kisu kilirudishwa kwa digrii 200, kukitia katika tanuri la plazma kwa digrii 400 ni kukirudisha upya, na kiini chake hulainika. Zaidi ya hayo, ncha kali ya kisu hupokea naitrojeni kutoka pande zote mbili hadi ikakosa kiini laini, nayo humegeka. Kwa kisu kinachokata mwani mbichi wenye chumvi na mawe madogo ndani yake, nadhani kukinoa mara kwa mara na kuuosha mwani kabla ya kuusaga kuna faida kubwa kuliko plazma. Bushi, shafti na skrubu ya kusukumia katika mashine hiyo hiyo ni jambo jingine, na hizo hufaidika hasa.

Je, kipande chako kinafaa?

Tabaka la maikromita 15 juu ya kiini chenye ugumu wa HV 200 ni kama kigae kilichotandazwa juu ya tope: husuguliwa kwa miaka bila kuchakaa, lakini likipigwa kwa nguvu katika nukta moja hupasuka, kwa kuwa kilicho chini yake hubonyea. Kwa sababu hiyo plazma inafaa kwa nyuso zinazosuguana, kwa nyuzi za bolti zinazoshikana, kwa sehemu zinazosuguliwa na maji yenye mchanga, na kwa viti vya vali. Haifai kwa nyundo, kwa njia za beringi za gololi zinazobeba mzigo mzito, wala kwa kipande chochote kinachotarajiwa kukunjwa baadaye.

Kukereza na kusafisha

Maliza kila kazi ya ukerezaji kabla ya kipande kuingia tanurini, kwa sababu baada ya hapo hakuna kusaga wala kupiga msasa: ukiondoa maikromita 15 umeondoa kila kitu ulicholipia. Kipande huvimba kidogo sana, maikromita 1 hadi 2 hivi kwa kila upande, na kwa bushi nyingi za pampu kiasi hicho hakihitaji kukatwa mapema. Uso uwe laini, kwa kuwa plazma huukwaruza kidogo na haiwezi kuzificha alama za kisu cha mashine.

Mapito ya mwisho ya kukereza yawe mepesi na kisu kiwe kikali. Hili linapuuzwa sana. Kisu butu hakikati stenlesi bali huisukuma, na msukumo huo, hasa katika 304, hugeuza ngozi ya chuma kutoka austenaiti na kuwa muundo mwingine, ambamo naitraidi ya kromiamu huzaliwa kwa urahisi hata katika halijoto ambayo ingekuwa salama. Mtu anaweza kufuata kila kanuni ya tanuri na bado akapata madoa ya kutu, na chanzo chake kikawa ni kisu cha mashine ya kukerezea. Vilevile usitumie katika kazi hii jiwe la kusagia, brashi ya waya au msasa uliokwisha kutumika kwa chuma cha kawaida, kwani vumbi la chuma hicho hujibandika katika stenlesi na kuota kutu.

Usafi unaanza kwa kuondoa mafuta. Osha kipande kwa sabuni ya maji ya moto, kisha kwa asetoni, na kama kuna tangi la kusafishia kwa mawimbi ya sauti lichukue kazi hiyo kwa dakika 15 hivi, kwa sababu mafuta hujificha katika nyuzi na mashimo ambako kitambaa hakifiki. Suuza mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, wala si kwa maji ya kisima. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe na kuacha chokaa yakikauka, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi ndani yake. Kausha kwa hewa ya moto iliyo safi. Tangu hapo kipande kishikwe kwa glavu peke yake, kwa kuwa jasho la mkono nalo ni chumvi, na kama kitasafiri kwa boti kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na pakiti za kunyonya unyevu. Mwenye tanuri akipokea aoshe tena kwa asetoni. Safari ya bahari haiaminiki.

Kupanga tanuri

Pamoja na vipande vya kazi weka vipande shahidi: visahani viwili au vitatu vya unene wa milimita 5 hadi 10, vilivyokatwa kutoka fimbo ile ile ya chuma na kukerezwa kwa namna ile ile. Hivyo ndivyo vitakavyokatwa na kuchunguzwa baadaye, na bila ya hivyo hakuna njia ya kujua kilichomo ndani ya ngozi ya kipande bila kukiharibu. Anayepeleka kazi mbali asikubali kurejeshewa vipande vya kazi bila ya vipande shahidi.

Mpangilio wa vipande una athari kubwa kuliko mtu anavyodhani. Vipande viwe vya ukubwa unaokaribiana, viachane kwa nafasi sawa, na visimame au kuning'inia kwa upande usiofanya kazi, kwa kuwa mahali kinapogusana na meza ya tanuri hapapati naitrojeni. Kipimajoto cha themokapo kiwe ndani ya kipande, au ndani ya kipande bandia cha ukubwa ule ule, wala kisipime hewa ya tanuri. Katika plazma kipande ndicho chanzo cha joto, na ukuta unaweza kuwa na digrii 100 pungufu wakati kipande kimekwisha vuka mpaka.

Mashimo na mianya myembamba ndiyo hatari kubwa ya hatua hii. Mwanga wa plazma una unene wake, milimita chache kwa kawaida, na pale nyuso mbili zinapokabiliana kwa karibu, mwanga wa upande mmoja huingiliana na wa upande wa pili, elektroni hunaswa katikati, na mahali hapo huwaka kwa ukali na kupanda joto peke yake. Bushi inaweza kuonesha digrii 420 kwa nje na kuwa imepita 500 ndani ya tundu lake la mafuta. Ziba mashimo yasiyohitaji kugumishwa kwa vizibo vya chuma. Yale yanayohitaji yaendeshwe kwa kanieneo linaloufanya mwanga uwe mwembamba kuliko nusu ya upana wa tundu. Kanieneo likipandishwa mwanga husinyaa, likishushwa hunenepa. Yapo matanuri ambayo plazma yake huwashwa juu ya kizimba cha wavu kinachovizunguka vipande badala ya vipande vyenyewe, na ukiweza kulipata la namna hiyo, kazi yenye mashimo mengi ipeleke huko.

Kuondoa hewa

Funga tanuri na uvute hewa hadi kanieneo lishuke chini ya paskali 5. Kisha funga vali ya pampu na utazame kipimo: kikipanda upesi, ama kuna uvujaji ama kuta za tanuri zina unyevu. Katika masika, au siku yoyote ya joto na mvuke, tanuri lililoachwa wazi kwa saa nzima hunywa maji ya kutosha kuiharibu kazi, kwa hiyo vipande vipangwe haraka na mlango ufungwe. Usiendelee mbele kwa matumaini kwamba uvujaji ni mdogo. Oksijeni kidogo tu inatosha kuujenga upya utando wa oksaidi juu ya stenlesi, na naitrojeni haiwezi kuupita.

Kuusugua utando kwa ayoni

Ingiza haidrojeni iliyochanganywa na arigoni, washa umeme kwa volti ndogo na upandishe polepole. Mwanzoni utaona kupitia dirisha cheche ndogo zikirukaruka juu ya vipande. Hizo ni mabaki ya mafuta na uchafu yanayoungua, nazo zitapungua. Cheche zisipokwisha baada ya nusu saa, usafi wa mwanzo haukuwa wa kweli, na ni afadhali kuzima na kuanza upya kuliko kuacha tao la umeme litoboe uso. Endelea kwa saa 1 hadi 2 huku halijoto ikipanda kufikia digrii 350 hadi 400. Ayoni za arigoni ni nzito, na mapigo yake ndiyo yanayoung'oa utando wa kromiamu ambao haidrojeni peke yake, katika halijoto hii ya chini, haiumudu. Hapa ndipo plazma inapoishinda njia ya gesi ya amonia, ambayo huhitaji kemikali za kuuvunja utando huo. Tangu sasa hadi mwisho wa kazi hewa isiingie.

Kutia naitrojeni

Badilisha gesi iwe robo moja ya naitrojeni na robo tatu za haidrojeni, zote mbili zikiwa na usafi usiopungua asilimia 99.99. Shikilia kanieneo la paskali 300 hadi 500 na halijoto ya digrii 420 kwa 316L, kwa muda wa saa 15 hadi 20. Umeme uwe wa kupigapiga, yaani unaowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde, kwa kuwa huo huzuia matao na humwezesha mwendeshaji kudhibiti joto bila kuua mwanga. Tazama dirishani mara kwa mara. Mwanga unaotakiwa ni wa zambarau, uliotulia na wenye unene sawa juu ya kila kipande. Nukta yoyote inayong'aa kuliko jirani zake ni tundu linalopata moto, na inadai kanieneo lirekebishwe papo hapo.

Mtu anayetaka tabaka nene asiongeze joto. Aongeze muda, na ajue bei yake: unene hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, hivyo kulizidisha tabaka mara mbili kunahitaji saa mara nne. Kwa shafti ya pampu maikromita 12 hadi 15 zinatosha, na sioni sababu ya kuzilipia 25.

Saa 20 mfululizo ni muda mrefu kwa umeme wa kisiwani. Unguja na Pemba hupata umeme kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na wanaokumbuka miezi ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa Unguja ulipoharibika, hawahitaji kuelezwa maana ya kutegemea njia moja. Jenereta iwe tayari angalau kwa pampu ya ombwe, maji ya kupoza na vipimo. Vali ya pampu iwe ya aina inayojifunga yenyewe umeme ukikatika, la sivyo tanuri litavuta mafuta ya pampu ndani yake na kuvichafua vipande vyote. Umeme ukikatika kazini, funga gesi, usifungue mlango, na uache tanuri lipoe katika ombwe. Ukirudi, rudia hatua ya kusugua kwa ayoni kwa nusu saa, kisha malizia saa zilizobaki. Naitrojeni iliyokwisha ingia haitoki. Maji ya kupoza nayo yazunguke katika mfumo uliofungwa wenye maji laini, kwa sababu maji ya kisima yataziba mirija kwa chokaa baada ya muda si mrefu.

Usalama katika hatua hii hauna nafasi ya kukisia. Haidrojeni hulipuka ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nyepesi hukusanyika chini ya dari. Mitungi ikae nje, imefungwa kwa mnyororo na kivulini; jengo liwe na matundu ya hewa juu kabisa; bomba la kutolea la pampu litoke nje; na kifaa cha kugundua haidrojeni kiwekwe darini. Umeme wa tanuri unaweza kufika volti 1000 na huua, kwa hiyo mlango uwe na swichi inayokata umeme unapofunguliwa, na swichi hiyo isizibwe kwa sababu yoyote.

Kupoza na kufungua

Zima plazma, funga haidrojeni kwanza, na uache vipande vipoe ndani ya naitrojeni hadi chini ya digrii 150, na ukiwa na subira hadi 100. Ondoa mabaki ya haidrojeni kwa kulijaza tanuri naitrojeni na kuivuta tena kabla ya kuingiza hewa. Kipande kizuri hutoka na rangi ya kijivu iliyofifia, sawa pande zote. Rangi ya dhahabu, samawati au ya upinde wa mvua ina maana kwamba hewa iliingia, na kazi hiyo ichunguzwe kwa makini kabla ya kupokewa.

Kupima

Ugumu upimwe kwa mashine ya Vickers ya mizigo midogo, gramu 25 au 50. Mzigo wa gramu 50 juu ya uso wenye HV 1200 huacha alama yenye ulalo wa takriban maikromita 9 na kina kinachozidi kidogo maikromita 1, ambacho bado kimo ndani ya tabaka. Mzigo wa kilo kadhaa hupenya hadi kwenye kiini na kutoa namba ndogo isiyo na maana, na wapo waliozikataa kazi nzuri kwa sababu hiyo.

Kisha kata kipande shahidi, kisugue hadi king'ae, na ukitie katika dawa ya Marble, ambayo ni salfeti ya shaba gramu 4 katika asidi ya haidrokloriki mililita 20 na maji mililita 20. Vaa miwani na glavu na ufanye kazi penye hewa. Dawa hii huula upesi chuma kisicho na kinga na kukiacha kilicho na kinga. Chini ya hadubini tabaka sahihi hubaki jeupe, lenye mpaka ulionyooka juu ya kiini kilichoonesha chembechembe zake. Ukiona mistari au mawingu meusi ndani ya weupe huo, hiyo ni naitraidi ya kromiamu, na tanuri lilipita joto, hata kama karatasi ya mwendeshaji inasema 420.

Kipimo cha mwisho kila karakana ya pwani inaweza kukifanya bila gharama. Chukua kipande shahidi kimoja kilichotiwa naitrojeni na kingine cha chuma hicho hicho ambacho hakikutiwa, vifunge kwa uzi wa nailoni vikiwa mbalimbali, na uvitundike gatini pale maji yanapokupwa na kujaa, kwa kuwa sehemu inayolowa na kukauka huwa kali kuliko kina cha maji. Vitazame kila wiki. Kipimo rasmi cha maabara, ASTM B117, hunyunyiza maji yenye chumvi ya asilimia 5 katika digrii 35, na mteja mwenye mahitaji makubwa ana haki ya kukidai. Hata hivyo, vipande viwili vilivyokaa bahari moja kwa muda mmoja vinatosha kumwambia fundi kama kipande kilichogumishwa kimesimama sawa na mwenzake au kimeanza kuchimbika kabla yake.

Kufunga kazini

Bushi iliyogumishwa ifungwe pamoja na pakingi mpya, kwa sababu pakingi ya zamani imebeba mchanga ndani yake. Isipigwe nyundo wakati wa kuingizwa. Itumike presi, au shafti ipozwe kwa barafu. Bolti na nati zitiwe grisi ya kuzuia kushikana hata baada ya plazma, na kwa kawaida inatosha kugumisha mmoja wao tu. Sehemu hiyo isichomelewe baadaye, kwa maana moto wa kuchomelea hulipitisha tabaka kwenye halijoto ile ile iliyokwepwa tangu mwanzo. Na ikifika siku imechakaa na inatakiwa kurudishwa tanurini, tabaka la zamani likerezwe lote hadi kwenye chuma safi, vipimo viangaliwe kama bado vinaruhusu, ndipo kazi ianze tena katika hatua ya usafi.